UZI: Mikhail Tal, mchawi wa chesi wa Riga aliyelisha kete kwa makusudi, na mzee wa Shangani anayemuiga hadi leo

#1 KeteYaFeri (Mtwara Mjini)

Wakuu, heshima kwenu. Watu wa drafti na bao karibuni, hamjapotea njia.

Mimi ni fundi simu. Nikishafunga kibanda jioni nateremka Feri, pale watu wanaposubiri chombo cha kwenda Msangamkuu. Kuna benchi letu la drafti, ubao wa kuchora kwa chaki, kete ni vizibo vya soda. Upande mmoja wanalaza vizibo kifudifudi, upande mwingine chali. Kelele zake mnazijua.

Miaka mitatu nyuma alianza kuja mzee mmoja wa Shangani, mhandisi mstaafu aliyesomeshwa Urusi ile ya zamani, enzi za Mwalimu. Alikaa siku mbili anatazama tu. Siku ya tatu akaja na sanduku la mbao linalokunjuka na kuwa ubao, ndani yake kete za chesi zilizolainika kwa kushikwa miaka mingi. Kete 32, lakini 31 tu ndizo za asili. Farasi mmoja mweusi alipotea zamani, mzee akampelekea mchongaji wa Kimakonde kipande cha mpingo amtengenezee mwingine. Mchongaji, kwa maneno ya mzee, alikuwa hajawahi kumwona farasi ana kwa ana. Alichonga anachokijua. Akatoka mnyama mwenye masikio marefu, tumbo la kushiba, na kitu kama tabasamu. Ni mzito kuliko kete zote, ukimweka mezani anagonga "ko!" Sisi tunamwita Punda.

Mzee alitufunga wote benchi zima, mmoja baada ya mwingine, huku anatafuna mhogo. Kisha akasema: "Nyie mnajua kulisha, kwa hiyo nusu ya chesi mnaijua. Kulikuwa na mtu anaitwa Tal. Yeye kazi yake ilikuwa kulisha."

Tangu hapo nimemsoma huyo Tal usiku na mchana. Nataka kuwashushia habari zake, maana nadhani watu wa vizibo tunaweza kumwelewa kuliko wasomi wengi. Nipeni dakika nimalize simu ya mteja.

#2 Bibi Korosho (Tandahimba)

Nimevuta mkeka. Tiririka mwanangu. Mnada wa wiki hii umeshapita, nina nafasi.

#3 Hesabu Kali

Chesi kwenye jukwaa la watu wa Kusini? Haya. Ila usije na hadithi za uchawi, njoo na hatua za mchezo.

#4 KeteYaFeri

Hesabu Kali, hatua zitakuja, usiwe na haraka.

Kwanza kulisha. Kwenye drafti unamsukumia mwenzio kete moja mdomoni. Sheria inamlazimisha ale. Akishakula, wewe unapita na kete zake tatu unafika kwenye kingi. Moja kwa tatu, hesabu imefungwa, hata mtoto anaiona baada ya kuumizwa mara mbili.

Kwenye chesi hakuna anayelazimishwa kula. Unaweza kumwachia mtu farasi mzima mdomoni, akamtazama, akamwacha, akaendelea na shughuli zake. Na akimla, mara nyingi hakuna tatu za kurudisha. Unachopata hakihesabiki: njia imefunguka kuelekea kwa mfalme wake, askari wake wamepangika vibaya, saa yake inakimbia, jasho linamtoka. Wachezaji wenye adabu walikuwa wanatoa kafara pale tu walipoona malipo hadi shilingi ya mwisho. Tal alikuwa anatoa halafu ndiyo anatafuta malipo.

Alizaliwa Riga, Latvia, tarehe 9 Novemba 1936. Baba yake alikuwa daktari na mtoto alijifunza kwa kutazama wakubwa wakicheza. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vitatu tangu kuzaliwa, na bado alipiga piano. Chuo kikuu aliingia na miaka 15, akasoma fasihi. Mtu wa vitabu na vichekesho, si wa hesabu, hilo likumbukeni.

Mwaka 1957 akawa bingwa wa Umoja wa Kisovieti akiwa na miaka 20. Mnaojua ligi ya Brazil kwenye mpira mnajua maana yake: kushinda kwao kulikuwa kugumu kuliko kushinda nje. Watu wakasema kabahatisha. 1958 akarudia. Mwaka huohuo akashinda mashindano ya mchujo ya Portorož, na 1959 akaingia kwenye mashindano ya kumpata mpinzani wa bingwa wa dunia, yaliyochezwa Yugoslavia, michezo 28 kwa kila mtu. Alipata pointi 20. Humo ndani alikuwemo kijana wa Kimarekani wa miaka 16, Bobby Fischer. Walikutana mara nne. Tal 4, Fischer 0.

Na humohumo ndiko kulikotokea kisa cha miwani. Tal alikuwa na macho makali, akishasogeza kete anakukazia. Mshindani mmoja, Pal Benko, akaona huyu jamaa anamloga, akaja na miwani ya giza ili asipigwe jicho. Tal naye akatoa miwani mikubwa ya kuchekesha, akaivaa. Ukumbi ukacheka. Benko akafungwa.

#5 Nahodha Mstaafu (Mikindani)

Hahaha. Hapa kwetu angefunga hirizi kiunoni, si miwani.

Niongeze moja la bao, maana mimi chesi sijui. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64. Huo ubao wenu nimeambiwa una miraba 64 na kete 32. Kama watu waligawana mali wakapokezana mafungu. Na wazee wa hapa walikuwa wanaiita sataranji, hilo jina la chesi ni la juzi.

Huyo bwana kwenye bao ningemwita mvunja nyumba. Kuna mtu analinda kete zake za nyumba mpaka mwisho, na kuna mtu anaivunja mapema azimwage zote ubaoni. Wa pili ukikaa naye huli ukashiba.

#6 KeteYaFeri

Nahodha, hiyo ya mafungu nimemsomea mzee, amecheka mpaka akakohoa. Amesema anaiiba.

Sasa mchezo wenyewe. Mwaka 1960, Moscow, Tal anakutana na Mikhail Botvinnik kugombea ubingwa wa dunia. Botvinnik ni mhandisi wa umeme, mtu wa ratiba, anajiandaa kama mtu anayejenga bwawa. Alikuwa bingwa tangu 1948, na alipofungwa 1957 alichukua kiti chake mwaka uliofuata. Tal ana miaka 23. Mchezo wa kwanza kabisa Tal anashinda kwa hatua 32.

Mchezo wa sita ndio huu ambao mzee wetu anauota. Tal ana kete nyeusi. Hali imetulia, kete zimejaa ubao, mtu wa kawaida angezunguka zunguka asubiri. Hatua ya 21, Tal anamchukua farasi wake na kumtua mraba wa f4 (kila mraba una jina lake, herufi na namba). Pale mbele yake kuna askari mweupe wa g3 ambaye kazi yake ni kumla tu. Ni kama umeegesha baiskeli mpya katikati ya soko bila kufuli.

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga kelele hadi wachezaji wakahamishiwa chumba cha nyuma.

Botvinnik akala. Askari mweusi wa e5 akala palepale f4, na hapo ndipo utamu ulipo: alipoondoka e5, askofu mweusi aliyekuwa amelala kona ya g7 akapata njia wazi ubao mzima hadi kona ya pili. Kama kufungua bomba lililokuwa limeziba. Malkia wa Tal akaenda kula b2, ngome ya Botvinnik ikamkabili, Tal wala hakumwondoa malkia, akasukuma askari hadi f3. Botvinnik akala malkia kwa ngome. Tal akala malkia wa Botvinnik kwa askari, na askari huyo sasa yuko e2, hatua moja tu ageuke malkia. Kuanzia hapo Botvinnik alikuwa anaokoa vyombo kwenye nyumba inayoungua. Alifungwa.

Tarehe 7 Mei 1960 mechi ikaisha, 12.5 kwa 8.5. Bingwa wa dunia mdogo kuliko wote waliomtangulia. Rekodi hiyo ilivunjwa na Kasparov mwaka 1985.

#7 Hesabu Kali

Nilikuwa nakusubiri hapo hapo. Huo mchezo naujua. Hatua ya 25 Botvinnik alikosea. Badala ya kula malkia kwa ngome, alitakiwa ale kwanza yule askari wa f3 kwa askofu wake. Baada ya hapo Tal hana kitu. Ukiiweka kwenye programu ya simu hata hii ya laki mbili, inakuonyesha kwa sekunde. Kwa hiyo farasi wako wa f4 alikuwa KOSA. Tuheshimiane, tusiabudu makosa kwa sababu yamependeza.

#8 Mwalimu wa Nachingwea

Mh. Hii nondo nzito. Mleta uzi jibu.

#9 KeteYaFeri

Hesabu Kali, uko sahihi kuhusu hatua ya 25. Si wewe tu, wachambuzi waliiona zamani, kabla ya hizo programu. Sibishi.

Lakini ngoja. Simu yako ilikuwa wapi mwaka 1960? Botvinnik alikuwa na saa mbili na nusu za kumaliza hatua 40. Amekaa pale, kelele zimempanda kichwani, amehamishwa chumba, mbele yake kuna malkia aliyeachwa wazi kabisa. Jibu sahihi lilikuwa kumwacha malkia, na kwenda kula askari. Wewe ungemwacha? Pale Feri nimewauliza watu 11 kwa kuwapangia kete zile zile. Wote 11 wamekula malkia. Mmoja alimla kabla sijamaliza kuuliza.

Ndiyo hoja yangu kwenye uzi huu. Tal alikuwa hachezi na ubao, anacheza na mtu aliyekaa upande wa pili. Kafara yake ni swali, na swali lenye jibu moja sahihi kati ya manne ni swali zuri sana ukimuuliza mtu mwenye saa inayokimbia. Kompyuta haichoki, haiogopi, haina mke aliyepiga simu asubuhi. Kuipima kafara ya Tal kwa kompyuta ni kama kumpima mganga njaa kwa thamometa.

Anahusishwa na msemo kwamba kafara ziko za aina mbili: zilizo sahihi, na za kwake. Kwa hiyo mwenyewe alikuwa anajua.

#10 Hesabu Kali

Maneno matamu. Sasa niambie 1961.

#11 Bibi Korosho

1961 kulikuwa na nini tena zaidi ya Uhuru?

#12 KeteYaFeri

Bibi, 1961 kulikuwa na marudiano. Hesabu Kali ananichokonoa kidonda.

Enzi hizo bingwa akifungwa alikuwa na haki ya mechi ya marudio. Botvinnik akaitumia. Mwaka mzima alikaa anamsoma Tal kama kitabu cha mtihani. Aligundua jambo moja ambalo watu wa drafti mtalielewa: anayependa kulisha, mwondolee chakula. Alikuwa anabadilishana malkia mapema, anaipeleka michezo kwenye hali kavu, kete chache, hakuna giza la kujificha. Mechi ikaisha 13 kwa 8. Botvinnik alikuwa anaelekea miaka 50. Tal alikalia kiti mwaka mmoja tu.

Ni kweli alikuwa anaumwa figo, na alishauriwa aahirishe akakataa. Watu wengi wanasimamia hapo hapo. Mimi sikubali kwamba figo peke yake ndiyo ilimfunga. Alicheza kama kijana aliyeshinda kwa staili moja na akaamini itatosha mwaka ujao. Mabodaboda wa Chikongola wanaipata hii.

#13 Bibi Korosho

Figo usiichezee baba. Marehemu mume wangu alizungushwa na figo miaka minne, hospitali moja wanamwambia rudi kesho, kesho nayo ina kesho yake. Mtu anakaa kwenye kiti dakika kumi anajigeuza. Huyo mwingine akae saa tano anafikiri? Mimi namsamehe hiyo 1961.

#14 KeteYaFeri

Pole sana mama. Umenirudisha kwenye kitu nilichotaka kukipita haraka.

Figo zilimtesa maisha yote. Mwaka 1962 kule Curaçao, kwenye mashindano ya kumpata mpinzani mwingine wa bingwa, alizidiwa ikabidi ajitoe kabla hayajaisha, akalazwa. Na aliyekwenda kumwona hospitali ni Fischer. Yule yule kijana wa 4 kwa 0. Kuna picha wako na ubao kitandani. Figo moja ilikuja kutolewa 1969. Na sigara hakuacha, alikuwa anavuta kama tanuri la kuchomea korosho.

Sasa Hesabu Kali, baada ya mtu kama huyo kutolewa figo, ungetegemea nini? Kati ya 1972 na 1973 alicheza michezo 86 mfululizo bila kufungwa hata mmoja. Akaja kufungwa, akapumua, akaanza upya: kuanzia 1973 hadi 1974 michezo 95 bila kufungwa. Hiyo ya 95 ilikaa zaidi ya miaka 40, mpaka Mchina Ding Liren alipofika 100 mwaka 2018.

Mtu anayebahatisha hapiti michezo 95. Mcheza kamari wa kawaida hapiti hata Jumamosi moja.

#15 Hesabu Kali

Hiyo ya 95 sikuijua. Nimeenda kuangalia. Sawa, nakaa kimya kidogo. Kidogo tu.

#16 Mwalimu wa Nachingwea

Huyo wa miaka ya 70 alikuwa bado analisha, au alibadilika?

#17 KeteYaFeri

Mwalimu, swali zuri. Alibadilika bila kuacha. Alijifunza kukaa kwenye mchezo mkavu na kusubiri. Lakini kila mtu aliyekaa mbele yake alijua kwamba muda wowote kete inaweza kuruka, kwa hiyo wakawa wanajilinda na kafara ambazo hazipo. Mzee anasema ni kama mbwa aliyewahi kukung'ata: hahitaji kubweka tena.

Ubingwa wa Umoja wa Kisovieti aliuchukua mara 6 jumla, mwingine peke yake, mwingine kwa kugawana, wa mwisho 1978. Ubingwa wa dunia hakuugusa tena. 1965 alifika fainali ya kumpata mpinzani, Spassky akamzuia. Kabla ya hapo, nusu fainali na Mdenmarki Bent Larsen, walikuwa sawa hadi mchezo wa kumi, wa mwisho. Tal akatoa farasi kule d5. Wachambuzi wakaja kuonyesha baadaye kwamba Larsen alikuwa na njia ya kujiokoa. Larsen hakuiona. Imekuwa kawaida sasa, si ndiyo?

#18 Mtoto wa Kitaya

Wakuu mimi nimechelewa, mtandao wa huku mto Ruvuma unakuja kwa miadi. Niliwahi kusikia huyu jamaa ana stori ya kiboko. Ni kweli au ni chai?

#19 KeteYaFeri

Umekuja wakati wake! Ni kweli, ameisimulia mwenyewe.

Alikuwa anacheza na Evgeni Vasiukov kwenye ubingwa wa Kisovieti. Hali ikawa ngumu, anafikiria kutoa farasi. Anaanza kuhesabu: akila hapa, naenda pale, akienda pale... matawi yakawa mengi kichwani, yakachanganyika kama nyavu zilizolowa. Ghafla, bila sababu, likamjia shairi la watoto la Kirusi kuhusu kazi ngumu ya kumtoa kiboko kwenye tope. Akasahau chesi. Akaanza kuwaza kwa dhati: kiboko anatolewaje? Akafikiria jeki. Akafikiria nyenzo. Akafikiria helikopta, hata ngazi ya kamba. Alihangaika naye muda mrefu, akashindwa, mwishowe akasema moyoni: basi azame!

Kiboko alipozama, ubao ukarudi. Akaona mchezo wenyewe si mgumu kama alivyodhani. Haiwezekani kuhesabu kila kitu, kafara ile ilikuwa ya hisia. Akatoa farasi. Akashinda. Kesho yake gazeti likaandika kwamba Tal, baada ya kufikiri kwa makini dakika 40, alitoa kafara iliyohesabiwa barabara.

#20 Mtoto wa Kitaya

Hahahaha nimeanguka. Huyo angekuja kwetu tungemwambia bure.

Kiboko hatolewi. Huku wanaingia kwenye mpunga usiku, unasikia kwanza ule mkoromo, halafu majani yanakatika kama mtu anararua shuka. Unawasha moto, unapiga debe, unakaa upande ambao si wa mto. HUO ndio ufunguo. Ukisimama kati yake na maji umejiua. Mwachie njia moja ya kurudi mtoni, ataondoka mwenyewe. Kaka yangu alisahau hilo msimu wa juzi, alipanda mwembe ambao hata nyani anaukwepa, akakaa mpaka asubuhi.

#21 Nahodha Mstaafu

Mtoto wa Kitaya, umesema kitu bila kujua. Huyo Tal alikuwa anafanya kinyume. Anasimama kati ya kiboko na maji.

#22 KeteYaFeri

Nahodha!!! Nimeandika hiyo kwa kalamu ya risasi ukutani kibandani.

#23 Hesabu Kali

Haya, nimerudi. Nimepitia michezo yake kumi na mbili usiku wa leo nikiwa na programu pembeni. Kafara saba programu inazikataa. Katika hizo saba ameshinda zote. Sijui niseme nini. Nilichokiona ni kwamba programu inakataa kwa kutoa mstari wa hatua tisa kumi ambazo kila moja ni ya pekee, ukikosa moja umekufa. Hakuna binadamu anayepita kwenye kamba hiyo mara saba.

Bado nasema ni makosa. Lakini ni makosa ambayo kuyalipisha ni gharama kuliko kuyafanya.

#24 Mwalimu wa Nachingwea

Uzi umenoga. Mimi nina watoto 19 darasa la sita wanaocheza Ijumaa, mbao mbili, moja ya katoni. Shida yangu wakisikia habari za Tal kila mmoja anatoa malkia hatua ya tano. Nifanyeje?

#25 KeteYaFeri

Waache watoe, mwalimu, ila waandike kabla ya kusogeza: "Natoa ili nipate nini." Asiyeweza kuandika neno hata moja, airudishe kete. Hiyo si yangu, ni ya mzee.

Nimalizie maisha yake. Mwaka 1988, Saint John nchini Canada, ubingwa wa dunia wa chesi ya haraka, ule wa dakika tano tano. Kasparov alikuwemo, Karpov, bingwa aliyemtangulia, alikuwemo. Aliyeshinda ni Tal, miaka 51, figo moja. Mei 1992 Moscow akacheza tena mashindano ya haraka akiwa mgonjwa kabisa, na humo akamfunga Kasparov mchezo mmoja, Kasparov akiwa bingwa wa dunia. Tarehe 28 Juni 1992 akafariki, hajafikisha miaka 56.

#26 Bibi Korosho

Innalillahi. Nimesikitika kama ninamjua.

Mwanangu, huyo mzee wenu naye anachezaje? Umemtaja taja tu.

#27 KeteYaFeri

Bibi, mzee ana ugonjwa mmoja. Akipata kete nyeusi, lazima Punda afike f4. Iwe inafaa, iwe haifai. Tunajua anakuja, tunamwandalia, na bado akigonga pale "ko!" mtu unaanza kujiuliza umesahau nini. Mara nyingi ninamla na ninashinda. Mara nyingi. Si zote.

Leo nakutana naye saa kumi na mbili. Nitawaletea.

#28 KeteYaFeri

Wakuu, saa tatu usiku hii, niko kibandani na tochi ya simu.

Hatua ya 18 Punda alitua f4. Askari wangu yuko g3. Nilikaa dakika 20, saa ya simu ni shahidi. Nikahesabu, matawi yakajaa, nikaanza kuwaza mwembe wa kaka yake Mtoto wa Kitaya. Nikamla.

Mzee akatabasamu kama Punda mwenyewe. Tukaenda hadi hatua ya 26. Mimi nina farasi zaidi, yeye ana askari mmoja kwenye e3 aliyenikaa kooni na askofu anayetazama ubao mzima. Zamu yake. Umeme ukakatika Feri nzima.

Zamani, mchezo ukikatishwa usiku, mwenye zamu anaandika hatua yake kwenye karatasi, inafungwa kwenye bahasha, inafunguliwa mchezo unapoendelea, ili asiwepo anayelala akifikiri bure. Niliwahi kumsomea mzee hilo, kumbe analijua toka Moscow. Akaomba karatasi. Hatukuwa na bahasha, kukawa na mfuko wa khaki wa karanga. Ameandika gizani, amekunja, ameutia ndani, amenikabidhi mimi. MIMI. Kaenda zake na fimbo yake.

Mfuko uko hapa mezani, una harufu ya karanga. Kesho saa kumi na mbili.

#29 Hesabu Kali

Nitumie hali ya kete zote, nikuambie kaandika nini.

#30 Nahodha Mstaafu

Usimtumie. Na mfuko usiufungue, nkulungwa.

#31 Bibi Korosho

Mpe mtu mwingine akae nao usiku. Nakujua.

#32 KeteYaFeri

Nimeshampa mlinzi wa jirani. Amekula karanga mbili zilizobaki ndani, karatasi anasema hajaigusa.